Ukitajiwa tarehe, siku yake utaijuaje bila kushika simu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu ukimtajia tarehe yoyote, hata ya miaka ya sitini, anafumba macho kidogo tu kisha anakwambia ilikuwa Jumanne au Ijumaa, na ukiangalia kwenye simu hakosei. Nikimwomba anifundishe anacheka. Nimejaribu njia za mitandaoni, lakini zote zinaanza na Jumapili sifuri, Jumatatu moja, Jumanne mbili, nami nachanganyikiwa palepale. Jingine: cheti cha mama kinasema alizaliwa tarehe 18/6/1970. Simu inasema siku hiyo ilikuwa Alhamisi, ila bibi anashikilia kuwa alimzaa usiku wa Ijumaa na hataki kusikia lingine. Nani kakosea? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba wako hana uchawi. Ana namba chache alizozikariri, na anajua kutupa saba. Anacheka kwa sababu anajua akishakufundisha mchezo umekwisha, utaanza kumjibia yeye barazani.

Nianze hapohapo ulipokwama, maana wengi hukwama hapo na kosa si lao. Njia nyingi za mitandaoni zimeandikwa na watu ambao siku zao zina majina matupu. Mwingereza hana namba ndani ya jina la siku, kwa hiyo inambidi aibandike, na wengi wao wakaamua Jumapili iwe sifuri. Wewe siku zako zilishahesabiwa zamani. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, halafu tatu, nne, tano. Alhamisi inafuata, basi ni sita. Ijumaa inafunga wiki, ni saba. Ukifuata namba za Mwingereza unajikuta unatamka Jumatatu huku ukiandika 1, unatamka Jumanne huku ukiandika 2, na kila hatua ulimi unagombana na mkono. Ziache. Tumia namba zako, na jibu likitoka 5 huna haja ya kutafuta popote: ni Jumatano.

Tahadhari ni moja tu hapo. Kama umepita madrasa na Kiarabu unakijua kidogo, Alhamisi itakuvuta kwenye tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Katika hesabu yetu Alhamisi ni sita, basi.

Kutupa saba ni hivi: wiki ikishafika siku ya saba inaanza upya, kwa hiyo kila namba unayoipata unaipunguza kwa saba, saba nyingine, saba nyingine, mpaka ibaki ndogo kuliko saba. Kumi na tano inabaki 1. Thelathini inabaki 2. Ikibaki sifuri, hiyo ni ile saba yenyewe, yaani Ijumaa. Usisubiri namba iwe kubwa ndipo utupe. Tupa kila inapovuka saba, kichwa kibaki chepesi.

Sasa nguzo. Mwaka 1973 mwanahisabati Mwingereza John Conway alitengeneza njia ambayo mpaka leo sijaona ya kuipita kwa mtu anayetaka kuhesabu kichwani. Msingi wake ni kwamba kila mwaka una tarehe kadhaa zinazokumbukika kirahisi, na zote huangukia siku moja ya wiki. Ukiijua siku hiyo, umeushika mwaka mzima. Conway kwa utani aliita siku hiyo Siku ya Kiyama. Mimi naiita nguzo, nisije nikatisha watoto wa watu darasani.

Kuanzia mwezi wa nne, miezi ya namba shufwa haikupi kazi yoyote, hasa kwa sisi tuliozoea kusema mwezi wa nne, mwezi wa sita. Mwezi wa nne tarehe nne, mwezi wa sita tarehe sita, mwezi wa nane tarehe nane, mwezi wa kumi tarehe kumi, mwezi wa kumi na mbili tarehe kumi na mbili. Zote ni nguzo. Kutoka 4/4 hadi 6/6 ni siku 63, yaani wiki tisa kamili. Kutoka 6/6 hadi 8/8 ni 63 tena. Vivyo hivyo hadi 10/10 na hadi 12/12. Ndiyo maana Nane Nane ya wakulima wa Tanzania na Jamhuri ya Wakenya, 12/12, huangukia siku moja ya wiki kila mwaka, bila kupatana na mtu.

Miezi ya witiri inabadilishana. Wa tano na wa tisa wanashikana mikono: 9/5 na 5/9. Wa saba na wa kumi na moja vilevile: 11/7 na 7/11. Ukitazama vizuri utaona hata ndugu yako aliyeko Marekani, anayeandika mwezi mbele na tarehe nyuma, hawezi kuziharibu. Azisome anavyotaka, bado ni nguzo.

Imebaki miezi mitatu ya mwanzo, na hapa ndipo penye miiba. Mwezi wa tatu chukua 7/3, siku moja kabla ya Siku ya Wanawake Duniani. Mwezi wa pili nguzo ni siku yake ya mwisho, iwe 28 au 29. Mwezi wa kwanza ni 3/1 katika mwaka wa kawaida na 4/1 katika mwaka mrefu, ule wenye Februari ya siku 29. Kariri hivi: miaka mitatu tarehe tatu, mwaka wa nne tarehe nne.

Ndani ya mwezi unasogea kwa saba saba. Kama 6/6 ni nguzo, basi 13, 20 na 27 pia ni nguzo. Hiyo ndiyo nusu ya kazi, na ukiishia hapo tu tayari umepata faida. Nguzo ya 2026 ni Jumamosi. Mtu akikwambia harusi ni tarehe 14/11/2026, wewe unajua 7/11 ni nguzo, kwa hiyo 14 nayo ni nguzo: Jumamosi. Hakuna hesabu ya mwaka uliyoigusa. Nguzo ya 2027 ni Jumapili, na 2028, kwa kuwa ni mwaka mrefu, inaruka hadi Jumanne.

Kuruka huko ndiko kunakotupeleka kwenye nusu ya pili, yaani kuipata nguzo ya mwaka wowote. Mwaka wa kawaida una siku 365, ambazo ni wiki 52 na siku moja ya ziada. Siku hiyo moja ndiyo inayoisukuma nguzo mbele kila mwaka. Mwaka mrefu una siku mbili za ziada, kwa hiyo inasukumwa mara mbili. Miaka kumi na miwili basi inasukuma mara 12, na mara 3 zaidi kwa ajili ya miaka mirefu mitatu iliyomo. Jumla 15. Tupa saba, inabaki 1. Kwa maneno mengine, ukiruka miaka 12 nguzo inasogea siku moja tu.

Kwa sisi hilo limekaa kama limepangwa. Nguzo ya 1960 ni Jumatatu. Ya 1972 ni Jumanne. Ya 1984 ni Jumatano. Ya 1996 ni Alhamisi. Ukirudi nyuma, 1948 ni Jumapili, 1936 ni Jumamosi, 1924 ni Ijumaa. Karne hii mwaka 2000 ni Jumanne, 2012 Jumatano, 2024 Alhamisi. Naiita miaka hii vituo. Wengine watakufundisha kanuni ndefu ya kugawanya mwaka kwa nne na kujumlisha, nayo ni sahihi, lakini vituo vinakupunguzia namba kubwa, na namba kubwa ndizo zinazowaangusha watu.

Mwaka usio kituo unaufikia hivi: shuka kwenye kituo kilicho nyuma yake, hesabu miaka iliyopita tangu hapo, kisha uongeze moja kwa kila minne kamili iliyomo. Tuchukue huo wa mama yako, 1970. Kituo ni 1960, namba 3. Miaka iliyopita ni 10. Ndani ya kumi kuna nne mbili kamili, ongeza 2. Tatu na kumi na mbili ni kumi na tano. Tupa saba, inabaki 1. Nguzo ya 1970 ni Jumamosi.

Sasa mwezi. Alizaliwa mwezi wa sita, nguzo ni 6/6. Ongeza saba, 13. Ongeza saba, 20. Tarehe 20/6/1970 ilikuwa Jumamosi. Tarehe 18 iko siku mbili nyuma, yaani Alhamisi. Simu yako haikukosea.

Na bibi pia hakukosea, au tuseme sioni ushahidi kwamba alikosea. Kwa watu wa pwani wa umri wake siku haianzi saa sita ya usiku. Inaanza jua likizama. Usiku unatangulia, mchana wake unafuata. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani ukiandama magharibi, tarawehe inasaliwa usiku uleule, kabla hata ya mchana wa kwanza wa kufunga. Usiku wa Ijumaa kwake ni ule ulioanza Alhamisi magharibi, ambao mtangazaji wa redio leo angeuita usiku wa kuamkia Ijumaa. Cheti kimeandikwa kwa kalenda ya serikali, ambayo hubadilisha tarehe saa sita ya usiku. Kama mama alizaliwa, tuseme, saa tatu za usiku Alhamisi, karani ameandika 18/6 na bibi anasema usiku wa Ijumaa, na wote wawili wanazungumzia saa moja ileile.

Kitu cha kumuuliza bibi, kwa adabu, ni kama ilikuwa kabla au baada ya saa sita ya usiku. Akikwambia ilikuwa alfajiri ya Ijumaa, hapo cheti kingepaswa kusoma 19/6, na huenda aliyeandika alifuata tarehe ya zamu iliyoanza jioni. Ila akikwambia ilikuwa usiku wa Ijumaa kwa maana ya Ijumaa jioni kuelekea Jumamosi, basi nitashangaa, kwa sababu mtu wa pwani wa rika lake angeuita huo usiku wa Jumamosi.

Nimekaa hapo kwa sababu nadhani hiyo ndiyo kazi bora ya ujuzi huu, kuliko kuwashangaza watu barazani. Wazee wengi hawakushika tarehe lakini siku ya wiki waliishika: ilikuwa Ijumaa watu wakitoka msikitini, ilikuwa Jumapili kengele zinalia, ilikuwa siku ya gulio. Ukiwa na tarehe kutoka karatasi na siku kutoka mdomoni mwa mtu, una mashahidi wawili ambao hawakuonana. Kama mmoja wao anabahatisha tu, uwezekano wa kupatana na mwenzake ni mmoja katika saba. Wasipopatana, una jambo la kuchunguza.

Jaribu kwenye tarehe zetu kubwa uone zinavyotii. Mapinduzi ya Zanzibar, 12/1/1964: kituo 1960 ni 3, miaka 4, ongeza 1 kwa ile nne moja, jumla 8, inabaki 1. Nguzo Jumamosi. Mwaka 1964 ni mrefu, kwa hiyo Januari nguzo ni tarehe 4, halafu 11. Tarehe 12 ni Jumapili, na ndivyo wanavyoikumbuka walioishuhudia: usiku wa kuamkia Jumapili. Muungano, 26/4 mwaka huohuo: nguzo 4/4, inakwenda 11, 18, 25. Tarehe 26 ni Jumapili tena. Azimio la Arusha, 5/2/1967: tatu, na saba, na moja, jumla 11, inabaki 4. Jumanne. Februari ile iliishia 28, nguzo zikarudi 21, 14, 7. Tarehe 5 ni siku mbili kabla ya Jumanne, Jumapili kwa mara ya tatu. Uhuru wa Tanganyika, 9/12/1961: tatu na moja, 4, Jumanne, 12/12 ni Jumanne, rudi siku tatu, Jumamosi. Kenya mwaka 1963: tatu na tatu, 6, na 12/12 ni nguzo yenyewe. Alhamisi.

Kwa kuwa sikukuu haziondoki kwenye tarehe zake, umbali wake na nguzo nao hauondoki, na hapo unagundua undugu ambao kalenda ya ukutani haikuonyeshi. Krismasi iko siku moja kabla ya nguzo (26/12 ni nguzo, ukihesabu kutoka 12 na 19). Mei Mosi nayo iko siku moja kabla ya nguzo, maana 2/5 ni wiki moja nyuma ya 9/5. Kwa hiyo Mei Mosi na Krismasi ya mwaka mmoja ni siku moja ya wiki, daima. Siku ya Nyerere, 14/10, na Siku ya Uhuru, 9/12, zimeachana siku 56, wiki nane kamili. Moja ikiangukia Jumapili, ujue mapumziko mawili yameliwa na wikendi mwaka huo. Saba Saba ya Tanzania na Mashujaa ya Kenya, 20/10, nazo ni pacha: zote zina siku tatu mbele ya nguzo. Mwalimu mwenyewe alifariki 14/10/1999. Kituo 1996 ni 6, ongeza 3, inabaki 2, Jumapili. Tarehe 10/10 ilikuwa Jumapili, 14 ni Alhamisi.

Ukitaka kwenda nyuma ya 1900 unahitaji namba za karne, ambazo ni nne tu kisha zinajirudia: 1600 ni 4, 1700 ni 2, 1800 ni sifuri, 1900 ni 5, na 2000 inarudi 4. Mwaka 2100 utakuwa 2. Zinajirudia kwa sababu miaka 400 ya kalenda yetu ina siku 146,097, ambazo ni wiki 20,871 bila siku hata moja ya ziada. (Na kwa kuwa mzunguko umefungwa hivyo, siku hazigawanyiki sawasawa ndani yake: katika miezi 4,800 ya mzunguko huo, tarehe 13 huangukia Ijumaa mara 688, zaidi ya siku nyingine yoyote. Wanaoiogopa Ijumaa ya tarehe 13 wana sababu ndogo ya kihisabati ya kulalamika.)

Ukishashika karne, hesabu kumi-na-mbili ngapi zimo katika tarakimu mbili za mwisho, ongeza masalio, ongeza nne zilizomo kwenye masalio. Chukua vita vya Zanzibar vya 27/8/1896, ambavyo havikumaliza hata saa moja. Karne ni sifuri. Katika 96 kuna kumi-na-mbili nane, hakuna masalio. Nane inabaki 1, Jumamosi. 8/8 ni Jumamosi, inakwenda 15, 22, 29. Tarehe 27 ni Alhamisi. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki tarehe 25, Jumanne. Khalid bin Barghash akaingia kasri siku hiyohiyo, na Alhamisi asubuhi mizinga ya Waingereza ikafyatuliwa.

Angalia sana mwaka 1900. Unagawanyika kwa nne lakini haukuwa mrefu, kwa sababu miaka inayoishia na sifuri mbili huwa mirefu pale tu inapogawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, 2100 hautakuwa. Kwa hiyo ule mnyororo wa vituo vya miaka 12 unapita salama kutoka 1996 hadi 2008, lakini ukijaribu kuuvusha kutoka 1888 hadi 1900 utakosea kwa siku moja.

Nyuma zaidi kuna ukuta mwingine. Kalenda hii ni ya Papa Gregori XIII, na ilianza 1582: Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Tarehe kumi zilirukwa, siku za wiki hazikuguswa. Uingereza ilifuata mwaka 1752, Urusi 1918. Kabla ya hapo unatumia kalenda ya Juliasi, ambayo kila mwaka wa nne ni mrefu bila kubagua, na karne inarudi nyuma siku moja moja: 1400 ni 2, 1500 ni 1. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa tarehe 7/4/1498. Mbili ya karne. Katika 98 kuna kumi-na-mbili nane na masalio 2. Jumla 12, inabaki 5. Jumatano. 4/4 ni Jumatano, tarehe 7 ni Jumamosi, na kesho yake Jumapili ya Matawi, sawasawa na kumbukumbu za safari yake zinavyosema. Ukitumia namba za kalenda yetu kwa tarehe hiyo utapata siku nyingine kabisa na kumshitaki mwandishi wa watu bure.

Njia hii usiipeleke kwenye tarehe za Hijria. Miezi ile inafuata mwandamo, na mwaka mmoja Unguja na Muscat wanaweza wasifunge siku moja. Hapo hakuna nguzo.

Kuhusu kasi. Charles Dodgson, yule mwalimu wa Oxford anayejulikana zaidi kwa jina la Lewis Carroll, alichapisha njia yake mwaka 1887 katika jarida la Nature na kusema kwamba yeye alitumia wastani wa sekunde 20 kwa tarehe moja. Conway alikuja kuwa mwepesi mno, na alijinoa kwa kuipanga kompyuta yake imtupie tarehe za kubahatisha kila alipotaka kuiingia. Katika Kombe la Dunia la hesabu za kichwani, lililoanza Ujerumani mwaka 2004, kuna shindano la kutaja siku za tarehe nyingi kadiri mtu awezavyo ndani ya dakika moja, kuanzia mwaka 1600 hadi 2100. Hao waache na mambo yao. Sekunde 20 za Dodgson zinatosha kumnyamazisha mjomba.

Namna ya kujinoa, kwa maoni yangu, ni kutoanza na miaka. Kaa kwanza na mwaka mmoja, huu tulio nao, na kila ukiona tarehe kwenye risiti, tiketi au tangazo la mnada, itafutie siku yake kabla ya kusoma mbele. Nguzo za miezi zikishatoka zenyewe bila kufikiri, ongeza vituo kimoja kimoja: kwanza 1996 na 2012, ambavyo vinabeba wadogo zako na watoto wao, halafu 1984, halafu 1972 na 1960. Wengi huparamia karne zote siku ya kwanza, wanachanganya, wanaacha. Ukikosea, kosa karibu kila mara litakuwa moja kati ya haya mawili: umesahau kuongeza zile nne, au umetumia 3/1 kwenye mwaka mrefu. Ukikosea kwa siku moja kamili, angalia hapo kwanza.

Haya, fanya hizi bila simu: uhuru wa Kongo, 30/6/1960. Uhuru wa Rwanda na Burundi, 1/7/1962. Uhuru wa Uganda, 9/10/1962. Kifo cha Karume, 7/4/1972. Kifo cha Sokoine, 12/4/1984. Kuzama kwa MV Bukoba, 21/5/1996. Na ya mwisho, yenye mtego: 1/1/2000.

Majibu yako ukiyapanga kwa mfuatano huo yanatakiwa yasome: Alhamisi, Jumapili, Jumanne, Ijumaa, Alhamisi, Jumanne, Jumamosi. Ile ya mwisho ukipata Jumapili, umesahau kwamba 2000 ulikuwa mwaka mrefu.